Faharasa ya Makala: Istilahi ya Maktaba kwa Mtafiti wa Usanifu Majengo

Faharasa ya makala ni orodha iliyopangwa kwa utaratibu maalumu, inayoonyesha makala zilizochapishwa katika majarida ya taaluma fulani, na ambayo hutaja kwa kila makala jina la mwandishi, anwani ya makala, jarida, juzuu, toleo, mwaka na kurasa, pamoja na mada zinazoshughulikiwa humo. Neno faharasa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na vitabu vimelibebesha kazi zaidi ya moja, kwa kuwa wapo wanaoliweka juu ya orodha ya sura, ambayo jina lake la kawaida ni yaliyomo, na wapo wanaoliita faharasa lile fungu la maneno magumu na maana zake, ambalo huitwa sherehe. Kwa kazi ya maktaba inafaa neno hili libaki na maana moja tu, yaani orodha inayomwelekeza msomaji mahali jambo lilipo.

Maana hiyo haina budi kutenganishwa na ya katalogi, kwa sababu wanafunzi wengi huzichanganya na kupoteza muda mwingi. Kwa kawaida katalogi humjulisha msomaji kwamba maktaba inalo jarida fulani na kwamba linahifadhiwa kwenye rafu fulani, lakini haimwambii ni makala gani zimo ndani yake. Faharasa hufungua jarida na kutaja makala moja moja, ingawa si lazima iwe na makala yenyewe, nayo hifadhidata ya matini kamili ndiyo inayompa msomaji kurasa za kusoma. Mtafiti anayeandika mada yake kwenye katalogi, asione kitu, kisha akahitimisha kwamba hakuna kilichoandikwa, ameuliza swali sahihi mahali pasipo pake.

Katika usanifu majengo, faharasa inayojulikana zaidi ni ile ya Maktaba ya Avery ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Maktaba hiyo ilianzishwa mwaka 1890 kwa kumbukumbu ya msanifu majengo Henry Ogden Avery, na faharasa yake ikaanza kutungwa mwaka 1934. Ubora wake unaonekana katika jambo dogo ambalo injini za kutafutia za kawaida hazilizingatii: ingizo la makala hueleza iwapo makala ina picha, ramani za sakafu au michoro ya mkato, na kwa msanifu majengo habari hiyo huweza kuamua kama makala inafaa kutafutwa au la. Katalogi ya maktaba ya taasisi ya wasanifu majengo wa Uingereza, RIBA, ambayo pia huorodhesha makala za majarida, inaweza kupekuliwa bure mtandaoni. Nchini Kenya vyuo vingi hupata majarida ya kulipia kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, ambao wanachama wake huchangia gharama kwa pamoja, na mwanafunzi aliye likizoni katika miji ya Wote au Mwingi anaweza kuyasoma akiwa nyumbani iwapo chuo chake kimempa nywila ya kuingilia kutoka nje.

Ugumu mkubwa wa anayetafiti kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya hauko kwenye nywila. Uko kwenye majina. Makueni ilimegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, kwa hiyo maandishi mengi ya kabla ya hapo kuhusu nyumba, mashamba au makazi ya Mbooni, Kilungu na Kibwezi yamewekwa chini ya jina la Machakos, na anayeandika Makueni peke yake hatayaona. Mwingi nayo ilikuwa wilaya iliyojitenga na Kitui tangu mwaka 1993, ikarudi kuwa sehemu ya Kaunti ya Kitui kwa mpangilio wa kaunti ulioletwa na Katiba ya 2010, na kwa sababu hiyo utafiti wa miaka hiyo ya kati unaweza kuwa chini ya jina lolote kati ya hayo mawili.

Jina la Wakamba, watu wa eneo hilo, nalo lina matatizo yake. Waandishi wameandika Kamba, Akamba, Wakamba, Ukamba na Ukambani, na hifadhidata nyingi humruhusu mtafutaji kuweka alama ya nyota mwishoni mwa shina la neno ili kunasa miisho yake yote. Njia hiyo ilibuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni, ilhali majina ya Kibantu hubadilika mwanzoni kwa kufuata ngeli, hivyo nyota iliyowekwa baada ya Kamba haiwezi kuleta Akamba wala Ukambani. Mtafiti hulazimika kuyaandika majina yote na kuyaunganisha kwa kiungo cha AU, ambacho hupanua utafutaji, kisha kuyafunga pamoja na mada yake kwa kiungo cha NA, ambacho huubana. Viungo hivyo, ambavyo hifadhidata huvitaka kwa Kiingereza, vinatokana na mantiki ya Mwingereza George Boole aliyefariki mwaka 1864.

Upande wa mada kuna msaada wa msamiati dhibiti, yaani orodha ya maneno yaliyokubaliwa ili kila jambo liitwe kwa jina moja. Taasisi ya Getty ya Marekani imetunga msamiati wa namna hiyo kwa sanaa na usanifu majengo, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na ambao sasa unapatikana bure mtandaoni. Humo ukuta wa fito uliokandikwa udongo, tofali lililokaushwa juani na udongo ulioshindiliwa ndani ya kiunzi ni mambo matatu yenye majina matatu, na anayetafuta nyumba za udongo kwa jumla hana budi kuyajaribu yote.

Hata hivyo, faharasa za usanifu majengo hazitoshi kwa eneo hili, kwani mengi yaliyoandikwa juu ya majengo ya Ukambani yametawanyika katika taaluma nyingine. Habari za nyumba za msonge za zamani zimo katika kazi za ethnografia, kama kitabu cha Gerhard Lindblom juu ya Wakamba kilichochapishwa Uppsala mwaka 1920, na makala ya Charles Dundas kuhusu historia ya Kitui ilitoka mwaka 1913 katika jarida la anthropolojia la Uingereza. Mchanga wa kujengea, ambao Makueni iliutungia sheria ya uhifadhi mwaka 2015, hujadiliwa zaidi katika majarida ya mazingira na maji.

Tasnifu, yaani maandishi ya utafiti wa shahada, nazo huhifadhiwa katika hazina za kidijitali za vyuo, mathalani ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako ufundishaji wa usanifu majengo una mizizi katika Royal Technical College ya miaka ya 1950, na ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Tasnifu hizo hazimo katika faharasa kubwa za majarida, na kuonekana kwake kunategemea maneno ambayo mkutubi wa chuo ameyaweka kwenye ingizo. Wakutubi wa vyuo hivi basi wanaombwa waandike, kwa kila tasnifu inayohusu Kitui au Makueni, jina la kaunti ya sasa, jina la wilaya ya zamani na jina la kijiji, na wasiache jina la Kikamba la jengo au kifaa cha ujenzi pale mwandishi alipolitaja.