Kutoka Kamati hadi TATAKI, kwa macho ya Singida

Januari 2030 itatimia miaka 100 tangu Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi Dar es Salaam. Sherehe bila shaka zitafanyika Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hotuba hazitakosekana. Kabla hazijaanza, si vibaya kuisimulia historia hiyo kutoka mkoa ambao Kiswahili kiliufikia kwa miguu ya misafara, kwa daftari la shule na kwa mahubiri.

Singida ulipata kuwa mkoa mwaka 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa. Ni wachache nchini wanaoishi kati ya lugha za namna nyingi kama watu wake. Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu na Wagogo wa Manyoni husema lugha za Kibantu. Wabarabaig husema lugha ya Kinilotiki. Wairaqw wana Kikushi chao. Na huko Mkalama, upande wa bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe wana lugha yenye vidoko ambayo wataalamu wameshindwa kuipatia ndugu. Mtoto wa Ikungi anayeingia darasa la kwanza huacha nyumbani lugha yenye irabu saba, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, akakutana na lugha yenye irabu tano isiyojali toni hata kidogo. Kwake Kiswahili sanifu ni kitu cha kufundishwa, na kinafundishika pale tu mwalimu anapokuwa na kitabu, kamusi na mtu wa kumuuliza.

Kamati ya 1930 iliundwa kwa ajili ya vitabu hivyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule, uamuzi ambao baadhi ya watu wa Mombasa hawajausamehe hadi leo. Kwa mwanafunzi wa Iramba ugomvi wa Kimvita cha Mombasa na Kiunguja ulikuwa wa mbali. Kwake vyote viwili vilikuwa vya pwani. Kilichomfikia ni ukurasa wa mwanzo wa kitabu chake, wenye maneno madogo yaliyotangaza kwamba Kamati imeipitisha lugha iliyotumika humo. Mswada usioafiki tahajia ya Kamati haukuingia shuleni. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilikubaliana hivyo, na katibu wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye aliyesimamia kazi hiyo pamoja na kamusi zilizokuja kutoka miaka ya 1930. Waafrika walichelewa sana kupewa viti katika meza iliyoamua lugha yao iandikweje. Mshairi Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliokuja kukaa hapo.

Ofisi yenyewe haikutulia. Ilihamia Nairobi, ikaenda Makerere mwaka 1952, ikapita Mombasa, ndipo ikarudi Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea, ikaitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Chombo cha nchi nne kilikuwa kimegeuka chombo cha chuo kikuu kimoja. Mamlaka ya kuamua kipi ni sanifu yalikuwa yamekwishapewa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya 1967. TUKI ikabaki na utafiti.

Na utafiti iliufanya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ndiyo iliyozoeleka madarasani, yenye maana za Kiswahili kwa Kiswahili. Mwaka 1990 ikafuata kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, iliyotayarishwa kwa matumaini kwamba sekondari nazo zingefundisha kwa Kiswahili. Matumaini hayo hayajatimia. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya 1996 ilipata wasomaji wengi mno, na nadhani ndiyo iliyolitangaza jina la TUKI kwa watu wasiojua hata kirefu chake.

Muda wote huo, hatua chache kutoka ofisi za TUKI, ilikuwapo Idara ya Kiswahili. TUKI ilitafiti na kuandika. Idara ilifundisha walimu na wasomi. Mwanafunzi aliweza kumaliza shahada nzima akitumia kamusi bila kuonana na hata mmoja wa waliotunga. Mwaka 2009 vyombo hivyo viwili viliunganishwa, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Zanzibar nako TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni iliyoanzishwa 1979, ilikuja kuingizwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Nionavyo mimi, muungano wa 2009 ulikuwa sahihi, ingawa ulikuwa na gharama. Mtunga kamusi akipewa vipindi na rundo la mitihani ya kusahihisha, kidahizo kitasubiri. Lakini kazi haikusimama: toleo la tatu la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lilitoka 2013, likiwa na jina la TATAKI. Tena mwalimu anayehitimu pale na kupangiwa kazi Manyoni au Chuo cha Ualimu Kinampanda huondoka akiwa amefundishwa na watu wanaojua kwa nini neno fulani limeingia kamusini na jingine likaachwa nje.

Ireland ilishika njia nyingine. Mwaka 1999 iliunda Foras na Gaeilge, ikaweka humo bodi ya lugha, kamati ya istilahi na An Gúm, mchapishaji wa serikali wa vitabu vya Kiairishi. Anayekuza lugha, anayebuni istilahi na anayechapa wakawa chini ya paa moja, na chuo kikuu kikabaki nje. Sisi tuliunganisha mtafiti na mwalimu, tukamwacha msanifu peke yake. Kuna wanaodai BAKITA nayo ingeingizwa humohumo TATAKI ili watu wasisumbuke. Sikubaliani nao. Anayeandika kamusi hafai kuwa ndiye anayejipa ithibati, na mchezaji hawezi kujipulizia filimbi.

Hata hivyo, kelele za wanaodai hivyo zina sababu. BAKITA ilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015, miaka miwili tu baada ya ile ya TATAKI. Kitabu cha kiada kinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo cha tatu, na sera ya elimu ya 2014 ilitaka kila somo liwe na kitabu kimoja. Kwa hiyo mwalimu wa msingi wa Mkalama ana kitabu cha Taasisi ya Elimu, kilichopewa ithibati ya lugha na BAKITA, na pembeni kamusi ya TATAKI, kama shule imebahatika kuinunua. Vikitofautiana katika tahajia au maana ya neno, atampigia nani simu? Mwaka 1930 jibu lilikuwa ofisi moja, japo wenye ofisi hiyo hawakuwa wenye lugha. Kinachokosekana leo ni utaratibu wa vyombo hivi vitatu kukubaliana kabla kitabu hakijapakiwa kwenye lori la kwenda mikoani, na utaratibu huo hauhitaji sheria mpya wala kuvunja taasisi ya mtu.

Jambo moja zaidi kuhusu mwaka 2009. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, ikionyesha lugha takriban 150 na mahali zinaposemwa. Ilitokana na Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza 2001 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Göteborg cha Sweden, na ulibebwa zaidi na wanaisimu wa idara nyingine, ile ya lugha za kigeni na isimu. Kinyaturu kilikuwa kimechunguzwa hata kabla ya hapo: mmisionari wa Kilutheri Howard Olson alichapisha uchambuzi wa fonolojia na mofolojia yake mwaka 1964, mwaka uleule Kamati ilipogeuka Chuo cha Uchunguzi. Muungano uliozaa TATAKI ulihusu Kiswahili peke yake. Mwalimu wa Ikungi anayetaka kujua kwa nini wanafunzi wake hukosea irabu zilezile kila mwaka atapata nusu ya jibu TATAKI, na nusu nyingine itamlazimu kugonga mlango wa idara hiyo nyingine.