Maison Carrée, Nîmes, Ufaransa: Hekalu Lililoponea Kazini
Hekalu hili la Kirumi lina takriban miaka 2,000, na mgeni huweza kudhani limedumu kwa kuheshimiwa. Sivyo, limedumu kwa kutumikishwa. Limekuwa jumba la madiwani wa mji, zizi (naam, la farasi), kanisa la watawa Waagustino, ghala la nyaraka, kisha makumbusho. Atakayesema lililoliokoa ni uimara wa mawe, basi aeleze majengo ya uwanja wa mikutano yaliyolizunguka yalikwenda wapi. Hata herufi za shaba kwenye paji lake ziling'olewa. Mwaka 1758 mwanazuoni Jean-François Séguier aliyasoma matundu yaliyobaki, akatambua kuwa liliwekwa wakfu kwa Gaius na Lucius, wana wa kulea wa Kaisari Augusto.