Nani Alilipia Redio ya Namswea

Huku kwetu Namswea, kwenye milima ya Umatengo, redio haijawahi kuwa ya bure. Kahawa ikishalipwa, baba alinunua chumvi, mafuta ya taa na betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam. Sauti ikianza kufifia, mama alizianika betri juani ili tupate walau taarifa ya habari ya jioni. Hiyo ilikuwa gharama ya msikilizaji. Gharama ya mtangazaji nilikuja kuifuatilia baadaye, nilipokuwa mwalimu.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kwa ruzuku ya Uingereza kwa makoloni yake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa mfano wa BBC. Mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuanzisha Redio Tanzania Dar es Salaam chini ya wizara. Tangu hapo mshahara wa mtangazaji ulitoka hazina, matangazo ya biashara yakichangia.

Fedha hiyo ya umma ilifanya kazi tuliyoiona. Mitambo ya Dar es Salaam ilirusha matangazo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kwa ndugu zetu ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden, kampeni ya Mtu ni Afya ikakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Sheria ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi, vinavyoishi kwa matangazo. Mwenye tangazo huwafuata wateja wengi, na kwa hesabu hiyo kijiji cha wakulima wa kahawa hukaa mwisho wa foleni. Mwaka 1996, hapo Songea, ikaanza Radio Maria, redio ya Kikatoliki, kwa njia nyingine iliyotoka Italia: haiuzi matangazo, inategemea michango ya wasikilizaji na watu wa kujitolea. Waumini wa vijijini walichanga kwa moyo, kwa kuwa kituo kilisali nao.

Naiheshimu michango hiyo, lakini haitoshi. Michango hulisha jumuiya yake, matangazo hufuata soko. Elimu ya afya na ya kilimo kwa kila mtu, mwenye cha kuchanga na asiye nacho, inahitaji fedha ya umma. Bajeti ya utangazaji inaposomwa Dodoma, sisi walipa kodi wa Namswea tuna haki ya kuuliza ni kipindi gani kimetengwa kwa ajili yetu.