Shahidi Aliyekataliwa

Mwezi Novemba mwaka 2010 kaka yangu alifika nyumbani kwangu Ilala kabla hata sijanywa chai ya asubuhi. Alikuwa amesikia redioni kwamba Mtanzania mwenzetu, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshtakiwa New York kwa ajili ya mabomu ya mwaka 1998, ameonekana hana hatia katika mashtaka yote, zaidi ya 280, isipokuwa 1. Kaka hakuketi. Alisimama mlangoni, akanigeuzia sikio lake la kulia kama afanyavyo siku zote, akasema, "Wewe uliyekula mshahara wa mahakama, hebu nieleze. Hiyo ni mahakama ya namna gani?"

Sikio lake la kushoto lilikufa Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Asubuhi ile alikuwa Msasani, akishusha mbao kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa si mbali na Ubalozi wa Marekani. Siku ile walikufa watu 11 hapa Dar es Salaam na 213 kule Nairobi. Yeye alirudi nyumbani kwa miguu, mweupe kwa vumbi, akijibu maswali ambayo hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo, msomaji wangu, swali lake halikuwa la kupitishia wakati.

"Ni mahakama ya wilaya," nikamjibu, na hapo nikawa nimeharibu kabisa.

"Ya wilaya! Watu zaidi ya 200 wamekufa, kesi inapelekwa wilayani kama ya mwizi wa kuku?"

Nikamkalisha, nikamtilia chai, nikamweleza kama nilivyozoea kuwaeleza watu dirishani pa masjala kwa miaka 31 ya ukarani wangu. Marekani ina mahakama za namna mbili: za majimbo, na za serikali ya shirikisho. Hizi za shirikisho zimegawanywa katika wilaya 94, na kila wilaya ina mahakama yake ambako kesi husikilizwa kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo mashahidi huapishwa na vielelezo hupokelewa. Juu yake kuna mahakama ya rufani, na juu kabisa Mahakama ya Juu ya nchi. Jina ni la wilaya, lakini uzito wake ni kama wa Mahakama Kuu yetu inapokaa katika kanda zake. Wilaya ya Kusini ya New York inashika Manhattan, Bronx na kaunti nyingine 6 zilizo kaskazini mwake, nayo imetengewa viti 28 vya majaji.

Ni mahakama ya kale. Sheria iliyounda mahakama za shirikisho ilipitishwa tarehe 24 Septemba 1789, na tarehe 3 Novemba mwaka uleule mahakama ya New York ilikuwa imekwisha kukaa, hata kabla ya Mahakama ya Juu yenyewe. Jaji alikuwa mmoja tu, James Duane, aliyepata kuwa meya wa mji huo. Siku hiyo hapakuwa na kesi ya kusikiliza. Kesi ya kwanza ilikuja mwaka 1790, nayo ilihusu ushuru wa forodha wa masanduku 3 ya bidhaa za chuma. Mimi niliyefungua majalada maelfu napenda sana kumfikiria karani yule, kalamu mpya mkononi, akisubiri miezi mitano apate cha kuandika. Baadaye, mwaka 1814, jimbo likagawanywa kuwa Wilaya ya Kaskazini na ya Kusini, na mwaka 1865 Brooklyn na Long Island zikakatwa zikawa Wilaya ya Mashariki.

"Na hao majaji," kaka akauliza, "nani anawaweka?"

Rais huwateua na Seneti huwathibitisha. Baada ya hapo hakuna awezaye kuwaondoa isipokuwa Bunge kwa kuwashtaki, wala mshahara wao hauwezi kupunguzwa maadamu wako kazini. Hushika kiti maisha yao yote wakitaka. Hapa kwetu jaji mfawidhi ndiye hugawa majalada; kule, kwa desturi, kesi mpya hupigiwa kura, jaji akapata ile iliyomwangukia. Mwandishi wa mashtaka hamchagui jaji, wala mshtakiwa hamchagui.

Nikamsimulia habari za Constance Baker Motley. Huyu alikuwa wakili aliyepigania haki za watu weusi pamoja na Thurgood Marshall, na mwaka 1966 akateuliwa katika mahakama hiyohiyo, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani. Mwaka 1975 aliangukiwa na kesi ya mwanamke aliyelalamika kwamba kampuni kubwa ya mawakili inawabagua wanawake. Upande wa kampuni ukamtaka ajitoe, kwa kuwa naye ni mwanamke na amepata kuwatetea waliobaguliwa. Alikataa. Alisema kwamba ikiwa rangi au jinsia ya jaji ni sababu ya kumwondoa, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi hiyo, kwa sababu kila mmoja wao ana jinsia na ana rangi. Mwaka 1982 akawa jaji kiongozi wa wilaya hiyo.

Kaka akatabasamu kidogo. Lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya Motley.

Kesi ya kwanza ya mabomu ilisikilizwa huko mwaka 2001 mbele ya Jaji Leonard Sand. Washtakiwa walikuwa 4, mmoja wao Khalfan Khamis Mohamed wa kwetu Zanzibar, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Mashahidi walisafiri kutoka Kenya na Tanzania, wakapanda kizimbani. Tarehe 29 Mei juri, yaani wananchi 12 wa kawaida, iliwatia hatiani wote 4. Siku moja tu kabla ya hapo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imeamua kwamba serikali yake ilivunja katiba ilipomkabidhi Khalfan kwa Wamarekani bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Waendesha mashtaka walikuwa wameomba kifo kwa wawili, yeye akiwa mmoja. Juri haikukubaliana kwa kauli moja, na bila kauli moja hakuna kifo. Wote 4 walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Oktoba 2001, wakati moshi wa majengo pacha ulikuwa bado unafuka mtaa wa pili.

"Hao nawajua," kaka akasema. "Hao walifungwa. Nakuuliza huyu."

Ghailani alikamatwa Pakistani mwaka 2004. Akafichwa katika magereza ya siri ya majasusi wa Marekani, akahojiwa kwa mateso, kisha mwaka 2006 akapelekwa Guantanamo. Mwaka 2009 ndipo akaletwa New York, na kesi yake ikawa mbele ya Jaji Lewis Kaplan. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mmoja mkubwa, Mtanzania, aliyekuwa tayari kusema kwamba ndiye aliyemwuzia Ghailani vilipuzi. Tarehe 6 Oktoba 2010 Jaji Kaplan alimkataa shahidi huyo. Sababu yake ilikuwa kwamba serikali ilimjua mtu huyo kutokana na maneno yaliyotolewa kinywani mwa Ghailani kwa kulazimishwa. Kesi ikaendelea bila yeye.

Kaka akaweka kikombe chini. "Shahidi yupo. Anajua. Anataka kusema. Jaji anamziba mdomo. Na wewe unaona sawa?"

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Mwaka 1986 nilikuwa karani katika mahakama moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja lilifika jalada la kijana aliyeshtakiwa kuvunja duka. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya kukiri kosa, yakisema kwamba ameyatoa kwa hiari yake, na chini yake alama ya dole gumba. Nikashangaa, kwa kuwa jalada lenyewe lilionyesha kwamba amesoma mpaka darasa la saba. Nilipopita ukumbini nikamwona amekaa na mahabusu wenzake. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba vikubwa kama ndizi. Asingeweza kushika kalamu.

Hakuwa na wakili. Alipoulizwa kama anapinga maelezo yake yasipokewe, alitazama upande walikosimama waliomleta, akasema hapingi. Hakimu akayapokea. Mimi ndiye niliyegonga muhuri na kuandika "Kielelezo Na. 1". Alifungwa miaka 7. Ningeweza kumnong'oneza hakimu wakati wa mapumziko, maana tulikuwa tukinywa chai pamoja. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na watoto 4 na nyumba ya serikali.

"Aliiba au hakuiba?" kaka akauliza.

"Sijui. Hilo ndilo linalonisumbua. Baada ya vile vidole hapakuwa na mtu tena awezaye kujua."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko alivyokuja nayo, kwamba kijana wangu alivunja duka, si watu. Kwamba aliyepoteza sikio au mzazi hawezi kupimiwa kwa mizani ya dukani. Sikubishana naye. Mimi nilisikia mlipuko ule nikiwa mjini, kama mlango uliobamizwa na upepo. Yeye alikuwa hapo. Nilimwambia tu kwamba katika miaka yangu yote ya kazi niliona mahakama zikipokea vitu vingi, na siku ambayo kuna jaji asiyeogopa serikali yake mwenyewe akasema hiki sikipokei, nafsi yangu ilirudi ukumbini kwa yule kijana.

Tarehe 25 Januari 2011 Jaji Kaplan alimhukumu Ghailani kifungo cha maisha kwa shtaka lile 1 lililobaki, la kula njama za kuharibu majengo ya serikali ya Marekani. Kaka alinipigia simu. Nilidhani atasema kwamba haki imepatikana, au kwamba haikupatikana. Aliuliza jambo jingine kabisa.

"Yule kijana wako aliitwa nani?"

Nilikumbuka namba ya jalada mara moja, na mwaka wake. Jina halikuja. Lilikuja usiku wa manane, nikaamka nikaliandika kwenye karatasi, na kulipokucha nikampigia kaka nikamtajia. Akalirudia mara mbili, polepole, ili ahakikishe kwamba amelisikia vizuri.