Jua la Ubavuni

Sisi mafundi sola wa Morogoro tuna afueni: bati limetulia, kinachohama ni jua. Unaelekeza paneli, unakaza nati, unashuka ngazi. Lakini gari la sola linakata kona, na bodi yake imejikunja kila upande.

Mwanzoni mkunjo ulikwepwa. Hans Tholstrup na Larry Perkins walipoivuka Australia kutoka Perth hadi Sydney, mwishoni mwa 1982 na mwanzoni mwa 1983, paneli zao zilikuwa bapa, juu ya kichwa cha dereva. Takriban kilomita 4,000 kwa siku 20. Mwendesha baiskeli hodari asingeachwa mbali.

Mwaka 1987 ikaja Sunraycer ya General Motors, imechongoka kama tone la maji, ikashinda mbio za Darwin hadi Adelaide kwa wastani wa kilomita 67 kwa saa. Umbo liliukata upepo, lakini kila seli ikawa na mwelekeo wake. Safari ni ya kusini: asubuhi jua liko ubavu wa kushoto, alasiri wa kulia. Johann Heinrich Lambert alishalieleza hilo mwaka 1760: geuza uso digrii 60 kutoka kuutazama mwale, unabaki na nusu ya mwanga. Tena seli zilizoungwa mfululizo hazibebani. Iliyo kivulini ndiyo inayopanga umeme wa wenzake. Nimeona jani la mwembe, limenata kwa umande, likiidhoofisha paneli mpya kabisa.

Kinachonishangaza ni kipimo cha jua la ubavuni kuchelewa. Pairanomita, kile chombo cha kupimia mwanga wa jua chenye kuba la kioo, kwa kawaida hulazwa sawasawa kwa pimamaji na kutazama juu. Namba zake ni za uwanja bapa. Mlango wa gari haumo.

Mwaka 2019 Toyota, Sharp na shirika la NEDO la Japani walibandika seli nyembamba kwenye paa, boneti na nyuma ya Prius, wati 860 hivi. Wati hizo ni za hesabu ya maabara, siyo za barabarani. Watafiti wa Japani, akiwemo Kenji Araki, ndio waliofunga pairanomita tano kwenye gari: juu, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Wakaendesha mitaani, na mwaka 2020 wakachapisha walichopata. Zile za ubavuni hunasa hata mwanga unaorudishwa na lami, ambao ile ya juu haiuoni kabisa.