Sarafu Ipi Inafaa Kununuliwa? Fedha za Kale na Historia ya Arua na Koboko

Anayetaka kukusanya sarafu za kale katika mkoa wa West Nile hana budi kuanza na historia ya mipaka. Kwa mkataba wa mwaka 1894, Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mtawala wa Dola Huru ya Kongo, eneo la Lado. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likakabidhiwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda, na kituo cha utawala kikafunguliwa Arua. Mzee wa Koboko aliweza kupitia tawala tatu bila kuhama kijiji chake.

Kwa hiyo sarafu za Kongo, Sudan na Uganda zote zinaweza kudai kuwa ni za hapa. Insha hii inauliza: ipi kati ya hizo inastahili fedha ya mnunuzi?

Wengi hudhani kwamba sarafu ikiwa ya zamani ni lazima iwe ghali. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Sudan, Uhabeshi na pwani ya Bahari ya Shamu, inapinga dhana hiyo. Kila moja imeandikwa 1780, ingawa ziliendelea kupigwa katika viwanda mbalimbali hadi karne ya ishirini. Mwaka ulioandikwa haumwambii mnunuzi umri wa sarafu aliyoishika.

Kisa cha kuvutia nacho hakitoshi. Mfalme Edward VIII alijiuzulu Desemba 1936, kabla ya sarafu zenye sura yake kuanza kutumika Uingereza. Lakini Afrika Mashariki ilipata senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina lake kuzunguka tundu la katikati. Kwa kuwa zilipigwa kwa mamilioni, bei yake hadi leo ni ndogo. Kinyume chake ni shilingi tano ya Uganda ya 1972, enzi za Idi Amin, ambaye ukoo wa babake ni wa Wakakwa wa Koboko. Hii iliondolewa kwenye mzunguko, ikawa adimu, na wakusanyaji huitafuta kuliko sarafu nyingi zilizoitangulia.

Kwa anayenunua ili auze, basi, kanuni ni uhaba, hali ya sarafu na madini yake. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi. Za kuanzia 1948 hazina kabisa.

Mwanafunzi wa historia ana kipimo kingine. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kodi ililipwa kwa fedha taslimu. Wanaume wengi wa West Nile walisafiri hadi mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira kuitafuta. Senti kumi yenye tundu, iliyorudi nyumbani na kibarua na kubaki katika familia yake, inaeleza safari hiyo vizuri kuliko sarafu adimu isiyojulikana ilikotoka. Hata sarafu ya shaba ya Leopold haithibitishi kwamba ilitumika Koboko. Huenda ilivuka mpaka juzi tu mfukoni mwa mchuuzi.

Hoja yangu ni kwamba maelezo ya sarafu ni sehemu ya thamani yake. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji aliipata wapi, kwa nani, na ilihifadhiwaje. Andika majibu siku hiyohiyo. Usiisugue ili ing'ae, maana kusugua hufuta alama za matumizi na hupunguza bei. Sarafu ikiuzwa bila maelezo au ikiyeyushwa, kumbukumbu ya aliyeitolea jasho hupotea pamoja nayo, na watu hao waliacha maandishi machache mno. Ukiwa na fedha ya kununua moja tu, nunua ile ambayo muuzaji anaweza kukueleza ilikotoka.