Waliojenga Nyumba ya Akina Thomas

Ukitaka kujua ukoloni ulikuwa unawaza nini, usianze na vita. Anza na nyumba. Nyumba ya mkoloni ina veranda, bustani ya waridi, zizi la farasi na jina la ukoo mmoja. Ukiuliza nani alifyatua yale matofali, mara nyingi hupati jibu.

Nimekuwa nikisoma kuhusu nyumba moja ya aina hiyo, mbali kabisa na hapa kwetu. Inaitwa Woolmers, na iko karibu na mji mdogo wa Longford, kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania, Australia. Kilichonivuta ni wafanyakazi wake. Sisi tumezoea picha ya mzungu akinywa chai kwenye veranda huku Mwafrika akikata nyasi. Woolmers, aliyekata nyasi alikuwa mzungu pia, ila mzungu mfungwa.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kati ya 1803 na 1853, Uingereza ilisafirisha wafungwa zaidi ya 70,000 hadi kisiwa hicho, wakati huo kikiitwa Van Diemen's Land. Wengi walikuwa maskini wa mjini na vijijini waliopatikana na hatia ya wizi. Hukumu ilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha. Safari ya meli ilichukua miezi, na wengi hawakurudi tena kwao.

Thomas Archer alianza kulima Woolmers mwaka wa 1817. Ndugu yake William akafungua shamba lake, Brickendon, mwaka wa 1824, ng'ambo ya mto Macquarie. Walikuwa na ardhi ya kumwaga, waliyogawiwa na serikali, lakini ardhi bila mikono ni pori tu. Mikono wakapewa na serikali hiyo hiyo. Mlowezi aliomba wafungwa, akakabidhiwa. Kazi yake ilikuwa kuwalisha, kuwavisha na kuwapa pa kulala. Mshahara? Sahau. Mfungwa alipata nyama, unga wa ngano, chumvi na sabuni, akalima, akachunga kondoo, akafua vyuma, akachoma matofali na kujenga maghala. Katika kilele chake, mashamba haya mawili yalikuwa na wafungwa zaidi ya 100 kwa pamoja.

Ukiitazama nyumba yenyewe, unaona pesa zikikua. Upande wa nyuma ni nyumba ya mbao ya 1819 hivi, ya mtu anayeanza maisha. Mbele yake, katika miaka ya 1840, pakaongezwa jengo la kifahari la mtindo wa Italia, la mtu aliyefika.

Sasa swali la nidhamu. Sheria ilimkataza bwana shamba kumchapa mfungwa kwa mkono wake mwenyewe. Alitakiwa kumpeleka kwa hakimu. Inasikika kama haki, si ndiyo? Ila mahakimu wa vijijini walikuwa walowezi wenyewe, na Thomas Archer alikuwa mmoja wao. Kwa hivyo jirani alimhukumu kibarua wa jirani. Kujibu kwa ujeuri, kulewa, kutoka shambani bila ruhusa, kuzembea kazini: yote yalikuwa makosa ya jinai. Adhabu ilikuwa viboko, kufungiwa peke yako gizani, au kupelekwa kujenga barabara ukiwa na minyororo miguuni. Hapa kwetu ukimjibu mdosi vibaya unafutwa kazi. Kule, ulichanwa mgongo.

Wanawake walipangiwa kazi za ndani: kupika, kufua, kulea watoto wa wenyewe. Aliyepata mimba alirudishwa katika gereza la wanawake, hata kama mwenye mimba alikuwa mtu wa nyumba ile ile. Mtoto akazaliwa jela.

Mambo haya hayakufichika. Mwaka wa 1838 kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti iliyoufananisha mpango huo na utumwa, na muda mfupi baadaye ukaondolewa. Van Diemen's Land iliacha kupokea wafungwa mwaka wa 1853, na mwaka wa 1856 kisiwa kikabadilishwa jina kuwa Tasmania. Kwa vizazi vingi familia zilificha kwamba babu alifika kwa minyororo. Siku hizi ni fahari. Watu wanamtafuta babu mfungwa kwa bidii.

Na wanampata, kwa sababu serikali iliandika kila kitu. Rejista za wafungwa zinataja urefu, rangi ya macho, makovu, michoro iliyochanjwa mwilini na kila kosa alilofanya mtu akiwa kazini. Nilipofika hapo nilikumbuka kipande, ile karatasi ambayo Mwafrika wa kiume nchini Kenya alilazimishwa kuvaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, ikiwa na alama za vidole na rekodi ya waajiri wake. Ni akili ile ile ya kumhesabu mfanyakazi ili asitoroke.

Lakini hapa lazima tuwe waangalifu, maana kufanana si kuwa sawa. Hukumu ya mfungwa wa Woolmers ilikuwa na mwisho. Akiwa na tabia njema alipewa kibali cha kujitafutia kazi, baadaye msamaha, na watoto wake walizaliwa huru, wakaweza kumiliki ardhi. Ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Wapanninher, moja ya koo za wenyeji wa kisiwa hicho. Katika miaka ya 1820 vita vya kuwang'oa vilipamba moto. Mwaka wa 1830 serikali ilipanga mstari wa wanaume zaidi ya 2,000, wafungwa wakiwemo, kuwaswaga wenyeji kama wanyama wa kuwindwa. Walionusurika walipelekwa kisiwa cha Flinders, ambako wengi walikufa. Mfungwa alionewa, na pia alitumiwa kuonea. Ukisimulia nusu moja tu umedanganya.

Akina Archer sita, wote wakiitwa Thomas, walifuatana Woolmers hadi 1994, wa mwisho alipokufa bila mrithi. Mwaka wa 2010 UNESCO iliiweka Woolmers pamoja na Brickendon katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama mojawapo ya sehemu 11 za wafungwa nchini Australia. Angalia sababu. Kilichoipa hadhi hiyo si fenicha ya akina Thomas. Ni jasho la wafungwa.

Basi turudi nyumbani. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958 na ambao leo tunauita JKIA, ulijengwa kwa mikono ya wafungwa wa wakati wa Mau Mau, wakichimba na kubeba mawe chini ya ulinzi wa askari. Uwanja una jina la rais. Nasi tunapita pale na masanduku yetu, tunapiga selfi, tunaruka. Ningependa siku moja, nikisubiri ndege, nisome ukutani majina ya waliochimba.